Darasa la Tano Liko Juu

Siku ya kufunga shule, Hakimu alirudi nyumbani akiwa ameikalia karatasi yake ya matokeo. Mama yake alipomwuliza iko wapi, akasema haijatoka. Alipoulizwa mara ya pili, akasema imetoka lakini ina makosa, na karatasi yenye makosa haifai kusomwa na watu wazima. Mara ya tatu aliinua paja lake kwa mikono miwili, akaivuta, akaitoa ikiwa imekunjamana.

Hakimu halikuwa jina lake. Alianza kuitwa hivyo alipokuwa na miaka mitano, kwa sababu watoto wa mtaa wakigombania mpira au zamu walimfuata pale alipokaa mlangoni ili awaamue. Yeye hakuwa na upande, maana hakucheza. Miguu yake haikuwahi kusimama hata siku moja. Baba yake, ambaye alikuwa fundi viatu, alizoea kusema kwamba katika mtaa mzima binti yake ndiye mteja asiye na faida, viatu vyake haviliki soli. Aliyasema kwa utani, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Hakimu mwenyewe.

Mama aliisoma karatasi akiwa bado amesimama, hajavua hata sare ya kazini. Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa dawa. Nafasi: wa tatu kati ya sitini na mmoja. Hesabu: tisini na moja. Akaanza kupiga kigelegele. Kigelegele kikakatika katikati macho yalipofika mstari wa mwisho, palipoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Amefaulu vizuri sana. Anashauriwa kurudia darasa la nne."

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu," Hakimu alisema. "Si nilikwambia ina makosa?"

Baba aliporudi alipewa asome. Akasoma. Akafuta miwani kwa pindo la shati, akasoma tena, kana kwamba maneno yangeona haya na kujirekebisha.

"Labda wamekosea," alisema.

"Walimu kukosea mtu wa tatu?" mama alisema. "Wa hamsini na tatu ningekubali. Kesho tunakwenda."

*

Mwalimu mkuu aliwapokea kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye shule ya watoto mia saba na vyumba vilivyojengwa kwa watoto mia tatu. Siku hiyo alikuwa na sababu nyingine ya kutoinuka kitini kuwasalimu: miguuni alivaa kandambili. Viatu vyake vyeusi, jozi pekee ya kazini, vilikuwa kibandani kwa fundi huyu huyu vikisubiri visigino. Fundi alijua. Kwa adabu aliangalia dirishani.

"Mama, tatizo si mtoto," mwalimu mkuu alianza. "Mtoto ana akili, hakuna anayebisha. Tatizo ni kwamba darasa la tano liko juu."

"Juu wapi?"

"Ghorofani. Vidato ishirini na viwili. Na kiti chake cha magurudumu hakipandi ngazi."

"Kwa hiyo atarudia la nne mpaka lini, mwalimu? Mpaka ngazi zishuke?"

Mwalimu mkuu alikohoa kidogo. "Ipo pia shule maalumu ya bweni. Ni mbali kidogo, safari ya siku nzima, lakini wana kila kitu kule."

"Wana mama yake?"

Fundi aliona mazungumzo yanapanda joto, na yeye joto la maofisini lilikuwa linamtoa jasho. Maishani mwake mwote alikuwa amezoea kuongea na watu akiwa ameinama, akitazama viatu vyao. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na nikimbeba?"

"Ukimbeba?"

"Asubuhi nampandisha, saa saba namteremsha. Kibanda changu hakiko mbali. Yeye ana uzito gani?"

Uso wa mwalimu mkuu ukafunguka. "Hapo sina pingamizi! Akipanda, atasoma. Ila shule haitahusika, mnanielewa? Kukitokea lolote kwenye ngazi, shule haitahusika."

"Tumeelewa. Ahsante sana, mwalimu. Ahsante sana."

Njiani mama alitangulia mbele mpaka walipopita soko zima. Kisha akasimama.

"Ulikuwa unashukuru nini?"

"Si amekubali?"

"Amekubali nini, Baba Hakimu? Umebeba kazi yake mgongoni, halafu ukamshukuru. Mara mbili."

*

Muhula ulipofunguliwa, fundi alianza kazi yake mpya. Alifika na binti yake kabla ya kengele, akakifunga kiti cha magurudumu kwa kamba kwenye nguzo chini ya ngazi, akampakata, akapanda. Watoto waliokuwa wakiteremka waliwapisha kwa kujibana ukutani, kama watu wanaopisha kabati. Siku ya tatu Hakimu alimnong'oneza, "Baba, usinipakate kama kichanga. Nibebe mgongoni." Tangu siku hiyo akabebwa mgongoni, na njiani akawa anawasalimu wenzake kwa kimo ambacho hakuwahi kuwa nacho.

Juu kulikuwa kuzuri, hilo hata yeye alilikiri. Upepo uliingia, na kutoka dirishani ungeweza kuona paa za mtaa mzima. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa kijana aliyeruka vidato viwili viwili na kufundisha hesabu za sehemu kwa kukata karatasi. Hakimu alimpenda. Wakati wa mapumziko, hata hivyo, darasa zima lilimiminika chini, naye akabaki na madawati. Kutoka uwanjani alisikia magurudumu ya kiti chake yakilia. Wenzake walikuwa wamekifungua kamba wanasukumana nacho. Alikijua kila mlio. Likilia gurudumu la kushoto, ni mwepesi amepanda. Yakilia yote mawili, ni yule bonge.

Ni juu ya choo ndipo hapakuwa na utani. Vyoo vilikuwa chini, nyuma ya jengo, na baba yake hakurudi mpaka saa saba. Siku ya kwanza Hakimu alijibana mpaka machozi yakamtoka. Usiku huo alikata shauri bila kumwuliza mtu, kama alivyokata mashauri ya wengine: asiyekunywa hakojoi. Kuanzia kesho yake, chai ya asubuhi aliimwaga kwenye beseni la kunawia mama alipogeuka kufunga vitabu vyake. Chupa ya maji ilikwenda shule imejaa na ikarudi imejaa, na mama alipouliza, alijibu kwamba aliijaza tena bombani.

Wiki ya sita akaamka anatetemeka kwa homa, tumbo la chini likimkata kama wembe.

Mama alimpeleka hospitali yake mwenyewe, alikojulikana na kila mtu, na muuguzi aliyezoea kutania naye juu ya mashuka hakutania. Alipima, akapima tena, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Hakimu, unakunywa maji?"

"Nakunywa."

"Saa ngapi?"

"Jioni."

"Na mchana?"

Mtoto alitazama ukutani. "Mchana nani atanishusha?"

Mama alikuwa ameshika bakuli la uji. Aliliweka chini taratibu sana. "Na chai ya asubuhi, mwanangu?"

"Nilikuwa naimwaga."

"Wiki sita? Kwa nini hukuniambia?"

"Mngenitoa shule."

Hakulia alipoyasema hayo. Aliyelia alikuwa mama, na alikwenda kulia ukumbini, nyuma ya toroli la mashuka machafu, ambako muuguzi alimfuata.

"Ni maambukizi ya mkojo. Dawa zipo, atapona," muuguzi alisema. "Lakini ukimrudisha kule juu, tutaonana tena, na safari hiyo itakuwa figo. Sikiliza, dada. Usiende kuomba. Nenda kadai. Kusoma kwake si fadhila ya mwalimu mkuu, ni haki, imo kwenye sheria. Na choo ni sehemu ya kusoma."

"Mimi sheria siijui."

"Mdomo unao lakini."

*

Mkutano wa wazazi ulifanyika Jumamosi asubuhi, chini ya ngazi zile zile, kwa kuwa hapakuwa na ukumbi. Walizungumza juu ya sare, juu ya madawati yaliyovunjika, juu ya watoto wanaochelewa. Ilipofika "mengineyo", mama aliinuka. Alisimulia habari ya chai na beseni. Hakuongeza chumvi, haikuhitaji. Akina mama wawili walishika vinywa.

"Ombi langu ni moja," alisema, kisha akamkumbuka muuguzi. "Si ombi. Ninachodai ni hiki: darasa la tano lishuke, la nne lipande. Ni kubadilishana vyumba tu. Madawati ni yale yale."

Mzazi mmoja, mwashi mwenye mikono iliyokauka kwa saruji, alisimama bila kuitwa. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na haraka ya kurudi kazini.

"Mama, pole kwa mtoto. Lakini tuseme ukweli. Darasa zima lihame kwa ajili ya mtoto mmoja? Watoto sitini wamfuate mmoja? Mmoja ndiye hufuata sitini."

Watu wengine waliguna kukubali. Fundi viatu alivuta sketi ya mkewe akae. Mkewe hakukaa.

"Baba, hesabu nzuri hiyo, lakini hujaimaliza," alisema. "Hao sitini wana miguu mia na ishirini. Yote inapanda na kushuka, nimeiona, haitulii. Yeye ana miwili, na haipandi. Sasa nani ni rahisi kuhama? Wenye miguu mia na ishirini, au mwenye miwili isiyotembea?"

Kicheko kikapita, kisha makofi machache, yakaongezeka. Mwashi akakaa, akajikuna kichwa. Wote wakamgeukia mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu, safari hii akiwa na visigino vipya, aliinuka. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi, na kila mtu aliona kwamba ni rahisi. Walimu waliokuwa nyuma yake walianza kutazama chini, mmoja baada ya mwingine.

"Kuna mambo ya kiutawala," alisema hatimaye. "Siwezi kuyaeleza hapa. Tutalifikiria."

"Mambo gani ya kiutawala yanayokaa ndani ya chumba?" mama aliuliza.

"Tutalifikiria, mama."

Mkutano ukafungwa hivyo. Watu walimpa mama mkono, wakamsifu kwa ile hesabu ya miguu, wakaenda zao. Sifa hazikumteremsha mtu ngazi. Alirudi nyumbani ameshinda mbele ya watu na ameshindwa kila pahali pengine.

*

Jumapili alasiri hodi ilibishwa. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, yule aliyemfundisha Hakimu mwaka mzima: mama mnene, aliyebakiza miaka michache kustaafu, mwenye sauti ambayo ikikohoa darasani hata darasa la jirani lilinyamaza. Alikuwa ameleta machungwa.

Mama alimkaribisha kwa moyo nusu na kumsogezea kigoda, kiti pekee kilichokuwa wazi, kwani kingine kilikuwa na nguo. Mwalimu alikitazama kile kigoda, akasema ahsante, akabaki amesimama. Mama alikisogeza karibu zaidi. "Kaa, mwalimu. Ni kisafi."

"Niko sawa hivi."

Damu ikampanda mama. Kumbe nyumba yake haikaliki! "Basi sema ulichojia," alisema.

"Siwezi kukaa kwa sababu sitaweza kuinuka," mwalimu alisema, na ile sauti kubwa ikawa ndogo. "Magoti yangu yamekwisha. Mambo ya kiutawala yaliyosemwa jana ni mimi."

Fundi aliinuka haraka, akaziondoa nguo kwenye kile kiti kirefu, akamsaidia kukaa. Mwalimu akasimulia. Miaka mitatu iliyopita alianguka kwenye ngazi zile, na daktari akamkataza kupanda. Alimwomba mwalimu mkuu chumba cha chini, akamsihi asimwambie mtu, kwa kuwa mwalimu anayejulikana kuwa hawezi ngazi huambiwa apumzike kabla ya wakati wake. Mwalimu mkuu aliitunza ile siri. Jana alikubali kuonekana mjinga mbele ya wazazi mia mbili kuliko kuitoa.

"Kwa hiyo mwanangu ameugua kwa ajili ya magoti yako," mama alisema.

"Sikujua habari ya maji. Naapa sikujua. Jana niliposikia, sikulala."

Fundi alitazama viatu vya mgeni: vimeliwa upande wa nje, vyote viwili. Angeweza kuyajua magoti yale mwaka mzima uliopita kama angeletewa viatu hivyo kibandani.

Hakimu alikuwa kitandani nyuma ya pazia, na pazia halizuii maneno. "Mwalimu," aliita.

"Naam, mwanangu."

"Wewe unataka kukaa chini. Mimi nataka kukaa chini. Kesi iko wapi?"

"Kesi ni kwamba mimi niko la nne, wewe uko la tano."

"Basi njoo la tano."

"Hakimu, adabu!" mama alisema.

"Mama, ngoja. Mwalimu, wewe baki kwenye chumba chako, usihame. Sisi wa la tano tuje kwako utufundishe. Yule mwalimu wetu abaki huko huko juu, apelekewe la nne. Yeye anaruka vidato viwili viwili, hachoki. Nani alisema mwalimu wa la nne lazima afundishe la nne mpaka azeeke?"

Mwalimu alimtazama fundi, fundi akamtazama mkewe. Walimu ishirini na wazazi mia mbili walikuwa wamehamisha vyumba vichwani mwao siku nzima ya jana, na hakuna aliyefikiria kuwahamisha walimu.

"Tatizo moja," mwalimu alisema, akiona haya waziwazi. "Hesabu za darasa la tano. Sehemu, asilimia... Nina miaka kumi na minane sijazigusa."

"Si ngumu," sauti ilisema nyuma ya pazia. "Ukate karatasi tu."

Mwalimu akacheka kwanza, kicheko kilichotikisa kiti, kisha mama akashindwa kujizuia, na fundi akaenda kumenya machungwa. Mgeni alipoondoka, walimwinua wawili, kila mmoja bega lake.

*

Barua iliyotoka shuleni Jumatano ilisema kwamba "uongozi, baada ya kutafakari kwa kina, umeamua walimu wa la nne na la tano wabadilishane madarasa." Mama aliisoma akataka kurudi kugomba. Fundi akamwambia, "Mwache aamue. Sisi tumepata chumba, yeye apate sentensi." Mama alimtazama mumewe kwa mshangao, kisha akaikunja barua akaiweka kabatini.

Haikuwa kwamba wote walifurahi. Darasa la tano walinung'unika kupoteza upepo na dirisha, na mmoja alimwambia Hakimu usoni kwamba ni yeye aliyewashusha cheo. Hakimu alimjibu kwamba cheo hakiko kwenye ngazi, na kama anabisha, apande akasome na wa la nne. Nao wa la nne, waliopandishwa juu, walijiona wamehamia ikulu.

Kulibaki kizingiti cha choo, kilichoinuka shubiri moja hivi na kutosha kulizuia gurudumu. Ijumaa asubuhi, mama alipomfikisha mtoto shuleni, alimkuta yule mwashi amepiga magoti pale na ndoo na mwiko, akitengeneza mteremko. Hakuna aliyemwita.

"Nilisema maneno siku ile," mwashi alisema bila kuinua macho.

"Ulisema."

"Nimeleta saruji."

"Nimeiona."

Akaendelea kulainisha, naye mama akaendelea kusimama, na mazungumzo yao yakaishia hapo wote wameridhika. Usoni pa saruji mbichi palikuwa tayari na alama ya unyayo wa mtoto fulani asiyesikia.

Wiki mbili baadaye, mama alipata zamu ya mchana hospitalini, akapita shuleni akielekea kazini. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka kuona tu. Alitembea kando ya ukuta mpaka dirisha la darasa la tano na kuchungulia. Mwalimu alikuwa kitini pake, ameinua mguu juu ya kibao, anasahihisha madaftari. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Mbele, ubaoni, wasichana wawili walikuwa wakifuta chaki, wamewapa wenzao mgongo na kununa. Mmoja, mrefu, alifuta nusu ya juu. Mwingine, kwenye kiti cha magurudumu, alifuta nusu ya chini, vumbi la chaki likimwangukia nyweleni.

Mwalimu aliinua macho akamwona mama dirishani.

"Kuna nini, mwalimu?" mama aliuliza kwa wasiwasi. "Amefanya nini?"

"Kelele!" mwalimu alinguruma, na madirisha yakatikisika. "Huyu mtoto wako anaongea, mama! Anaongea kutoka mstarini asubuhi mpaka kengele ya mwisho, anamwambukiza na mwenzake. Nimewaadhibu wote wawili, na kesho wakirudia watafuta na madirisha!"

"Mwalimu, adhabu hii nimeikatia rufa—" Hakimu alianza.

"Nyamaza, futa!"

Hakimu akanyamaza, akafuta.

"Mwadhibu, mwalimu," mama alisema. "Mwadhibu tu, nakuruhusu." Aliyasema kwa uso mkavu, kama inavyompasa mzazi. Kisha akageuka, akavuka uwanja harakaharaka, akatoka langoni, na alipohakikisha hakuna anayemwona, akauegemea ukuta wa shule akacheka mpaka mbavu zikamuuma.